Kuweka pembe ya bawa kwenye ndege ya rimoti: pima mezani kabla gundi haijakauka

Ndege yangu ya tatu ya fomubodi (ubao mwepesi wa povu) ilikuwa nzuri kuitazama. Bawa juu ya kiwiliwili, milimita 1,200 kutoka ncha hadi ncha, upana milimita 200, mota ndogo ya umeme, betri ya seli tatu. Lakini kila nilipoongeza nguvu ya mota, pua ilipanda kama tiara iliyoshikwa na upepo. Nikisukuma kijiti mbele ilitulia. Nikipunguza nguvu ilizama. Nilibonyeza trimu (kitufe cha rimoti cha kusahihisha mwelekeo kidogokidogo) mpaka ikagota mwisho, na bado nikawa nairusha kwa kushikilia kijiti muda wote. Siku ya pili ilipanda, ikaishiwa mwendo, ikalalia bawa la kushoto na kuingiza pua ardhini. Nilipoirudisha mezani na kuipima, nikakuta bawa limekaa digrii 4 juu ya mkia. Nami nilikuwa na hakika nimeweka 2.

Jinsi nilivyokosea nitaeleza muda si mrefu, kwa sababu ni kosa ambalo hata mtu makini anaweza kulifanya. Kwanza tuelewane tunapima nini.

Kinachohesabiwa ni tofauti

Watu wakisema "pembe ya bawa" huchanganya mambo mawili. Kuna pembe ambayo bawa linakutana nayo hewa. Hiyo hubadilika kila sekunde, ndege ikipanda, ikishuka au ikipunguza mwendo. Halafu kuna pembe ya kupachika, yaani namna bawa lilivyokalishwa juu ya kiwiliwili. Hii unaiweka mwenyewe kwa rula na gundi, na ikishakaa imekaa. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili.

Hata hivyo, pembe ya kupachika ikisomwa peke yake haikuambii mengi. Kiwiliwili ni kasha la kubebea betri na mota. Kinachoamua tabia ya ndege angani ni tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia wa kulala. Ukiinua bawa digrii 2, na mkia nao ukauinua digrii 2, tofauti ni sifuri: ndege itaruka kama yenye sifuri, ila kiwiliwili kitakuwa kimeinamisha pua.

Tofauti hiyo ina kazi. Kwenye ndege iliyopangwa vizuri kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiiegemeza, huwekwa mbele kidogo, kwa hiyo pua hutaka kuinama wakati wote. Bawa likiwa na pembe kubwa kuliko mkia, linaizuia pua isizame. Kasi ikiongezeka, kizuizi hicho kinapata nguvu na pua inainuka. Kasi ikipungua, nguvu inalegea na pua inashuka hadi kasi irudi. Ndiyo maana ndege ya kujifunzia ukiachia vijiti hujirudisha yenyewe. Tofauti hiyo ikizidi sasa, kila ukiongeza kasi ndege inakupandia.

Vipimo vya kuanzia ninavyovitumia ni hivi. Ndege ya kujifunzia yenye bawa juu: bawa digrii 2 hadi 3 juu ya mkia. Ndege ya bawa la chini ya kuchezea kawaida: digrii 1 au pungufu kidogo. Ndege ya sarakasi yenye bawa lenye mgongo na tumbo vinavyofanana: sifuri kwa sifuri, kwa sababu inatakiwa iruke kichwa chini sawasawa na inavyoruka kawaida. Mfano wetu hapa chini ni ile ya kujifunzia, na tunalenga digrii 2.

Mtego wa tumbo bapa

Ndege nyingi za kujifunzia zina bawa lenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Umbo maarufu kuliko yote katika familia hiyo ni Clark Y, lililochorwa na Mmarekani Virginius Clark mwaka 1922. Ndege ambayo Charles Lindbergh alivuka nayo Atlantiki mwaka 1927 ilikuwa na bawa la umbo hilohilo, kwa hiyo usilione la watoto.

Chukua bawa la Clark Y ulilaze mezani kwa tumbo lake. Kwa macho, limelala sifuri. Lakini pembe ya bawa haisomwi kwenye tumbo. Inasomwa kwenye mstari unaotoka ukingo wa mbele, pale panapotangulia kabisa, hadi ncha ya ukingo wa nyuma. Kwenye Clark Y ukingo wa mbele uko juu ya meza kwa asilimia 3.5 ya upana wa bawa. Kwa bawa la milimita 200, hiyo ni milimita 7, wakati ukingo wa nyuma unagusa meza. Milimita 7 katika upana wa 200 ni digrii 2. Bawa uliloliona "sifuri" tayari lina digrii 2 zake.

Hapo ndipo nilipoanguka. Ramani ilisema digrii 2. Nikakata kabari ya digrii 2, nikaiweka chini ya ukingo wa mbele wa bawa ambalo halikuhitaji kabari yoyote. Siku hizi, nikipata ramani ya mtu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali alipopimia: kwenye tumbo, au kwenye mstari unaounganisha kingo mbili. Kama hakuandika, napima mchoro wake wa ubavuni kwa rula. Na kama bawa lako ni la fomubodi iliyokunjwa, usichukue ile asilimia 3.5 kama ilivyo. Mkunjo wa kila mtu hutoka tofauti. Lilaze bawa lako mezani, pima kimo cha ukingo wa mbele na cha ukingo wa nyuma, uandike.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya upana wa bawa kwa 57. Jibu ni milimita za digrii moja. Bawa la 200 linatoa milimita 3.5 kwa digrii. La 250 linatoa 4.4 hivi, la 180 linatoa 3.2 hivi. Kwa pembe ndogo kama hizi zetu, hesabu hiyo haikudanganyi.

Vifaa

Rula ya chuma, futi, uzi usiovutika, kalamu, tepu ya karatasi, pima maji ndogo ya fundi, vitabu au vibao vya kuegemeza, na kadi za plastiki za benki zilizokwisha muda wake. Zaidi ya hivyo unahitaji meza iliyonyooka kweli. Meza ya mbao ikikaa miaka hupinda katikati bila wewe kujua. Simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya meza na uangalie kama mwanga unapenya chini yake. Mimi hutumia kioo cha meza, kile kinene, nimekiweka juu ya blanketi.

Kipima pembe cha kujitengenezea kitakusaidia sana. Kata miguu miwili ya fomubodi yenye kimo kimoja, na kwenye kila mguu kata pengo la umbo la V, yote mawili umbali uleule kutoka juu. Ibandike kwenye rula ili ining'inie chini, mapengo yakitazamana. Mguu mmoja unashika ukingo wa mbele, mwingine unashika ukingo wa nyuma, na rula inakaa juu ya bawa, sambamba na ule mstari tunaoutafuta. Simu yenye programu ya pima maji ikilazwa juu ya rula inasoma digrii moja kwa moja. Usiiamini simu kwa kusoma mara moja tu, maana kifuniko chake na ile kamera iliyotokeza nyuma huiinamisha. Soma, igeuze nyuma-mbele, soma tena. Mteremko wa kweli utabadilisha upande kwenye kioo cha simu, na kosa la simu litabaki lilelile. Jumlisha ukubwa wa namba mbili, gawanya kwa mbili, umepata. Shikilia simu kwa mkono bila kuibonyeza. Simu ni nzito kwa bawa la fomubodi.

Kazi ya mezani

1. Anza na mkia. Gundisha mkia wa kulala kwanza, kisha egemeza kiwiliwili kwa vitabu mpaka ukingo wa mbele wa mkia na ukingo wake wa nyuma viwe kimo kimoja kutoka mezani. Eleveta, kile kibao cha nyuma ya mkia kinachopandisha na kushusha pua, iwe imenyooka na mkia, ishike kwa tepu isicheze. Hapo mkia ni sifuri, na kila kitu kingine kitapimwa kutoka kwake. Funga kiwiliwili kwa tepu mezani. Kikisogea kidogo katikati ya kupima, namba zote ulizoandika zimekufa, inabidi uanze upya.

2. Panga bawa bila gundi. Likalishe mahali pake, lishike kwa mipira ya kufungia kama utakavyolifunga siku ya kuruka. Mipira ikivuta, kiti cha bawa hubonyea, na pembe hubadilika. Kupima bawa lililowekwa tu juu bila kufungwa ni kupima kitu ambacho hakitaruka.

3. Nyoosha bawa kwa kutazama kutoka juu. Choma pini katikati ya mwisho wa kiwiliwili, funga uzi, uvute hadi ncha ya bawa la kushoto, uweke alama kwenye uzi. Upeleke ncha ya kulia. Alama ikipita au ikipungua, zungusha bawa kidogo mpaka pande zote mbili zilingane. Milimita 2 za tofauti katika ndege ya ukubwa huu nazikubali; zaidi ya hapo sikubali.

4. Tazama kutoka nyuma. Pima kimo cha ncha zote mbili kutoka mezani. Zisipolingana, kiti cha bawa kimeinama upande mmoja. Punguza kwa msasa upande ulio juu.

5. Sasa pima pembe. Ukiwa karibu na kiwiliwili, pima kimo cha ukingo wa mbele na cha ukingo wa nyuma. Tuseme umepata milimita 163 mbele na 152.5 nyuma. Tofauti ni 10.5. Bawa ni la 200, digrii moja ni 3.5, kwa hiyo una digrii 3. Tulitaka 2, lazima upunguze milimita 3.5.

Usiishie hapo. Rudia kipimo hicho katikati ya bawa na karibu na ncha, kushoto na kulia, kwenye sehemu ambako upana ni uleule. Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Pembe ya jumla ikikosea nusu digrii, ndege itaruka na utairekebisha. Bawa la kushoto likiwa digrii 1 zaidi ya la kulia, unayo ndege inayobingirika daima upande mmoja, na ukiipunguza mwendo wakati wa kutua, lile bawa lenye pembe kubwa linaachia hewa kwanza na kuanguka. Ilinitokea: kwenye ndege ile ya tatu, mbali na zile digrii 4, ncha ya kushoto ilikuwa imejipinda juu milimita 3. Kwa macho huioni. Kwa rula iliniangalia usoni.

Kama ncha zimepinda, nyoosha kwanza kabla ya kugusa kabari. Bawa la balsa (mbao nyepesi sana) lililovikwa plastiki unalipinda kwa mkono kinyume cha kosa huku mwenzako akipitisha pasi yenye moto wa wastani juu ya plastiki, mnaacha ipoe mkiwa bado mmelishikilia. La fomubodi hutii kama utalichana gundi ya ukingo wa nyuma, ulirudishe katika mstari, na ugundishe upya likiwa limelala juu ya kioo.

Ncha zote mbili kuwa na pembe pungufu kidogo kuliko shina (pale bawa linapokutana na kiwiliwili), digrii 1 au 2, si kosa. Wengi huweka hivyo kwa makusudi, na mabawa ya Cessna 172 halisi nayo yamepindwa hivyo. Shina linaachia hewa kabla ya ncha, na ndege inashuka ikiwa imenyooka badala ya kugeuka upande. Sharti ni moja, kushoto kulingane na kulia.

6. Kata kabari. Kupunguza pembe, inua ukingo wa nyuma au punguza kiti cha mbele; kuongeza, fanya kinyume. Zingatia umbali kati ya mahali bawa linapogusa kiti mbele na linapogusa nyuma, kwa sababu kabari inafanya kazi kwenye umbali huo. Kiti changu kinagusa kwa umbali wa milimita 174, hivyo digrii moja hapo ni milimita 3.05. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kadi nne zikibandikwa pamoja ni 3.04. Kadi mbili ni nusu digrii. Sijapata kabari nyingine iliyo rahisi na yenye kipimo cha uhakika kama hiyo: haibonyei, inakatika kwa mkasi, na gundi inaishika ukiikwaruza kidogo kwa msasa.

Bandika kabari kwa tepu tu kwa sasa. Funga mipira tena, pima tena kuanzia hatua ya tatu, maana bawa likiinuliwa nyuma huweza pia kuzunguka.

Mota na kitovu cha uzito

Viwili hivi vikikosewa vinajifanya kosa la pembe ya bawa, ndiyo maana navimaliza kabla ya kwenda uwanjani. Kwenye ndege ya bawa la juu, mota huinamishwa chini digrii 2 au 3 na kugeuzwa kulia kama 2, kwa propela inayozunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma. Vipimo hivyo navyo vipime kutoka kwenye mkia uliousimika sifuri, usipime kutoka kwenye ukuta wa pua ambao huenda wenyewe umekatwa mshazari.

Kitovu cha uzito kiweke asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele: milimita 50 hadi 60 kwa bawa letu. Betri iwe ndani. Iinue ndege kwa vidole viwili chini ya bawa kwenye alama. Ikae sawa au iinamishe pua kidogo. Anza na 50.

Kijana ninayejenga naye aliniuliza siku moja, akiniona nimeinamia meza saa nzima, "Kaka, si tutaiweka sawa na trimu hukohuko juu?" Nikamjibu, "Trimu ni ya kumalizia, mdogo wangu. Tukiimaliza kwa kuficha kosa la meza, upepo ukija tutasahihisha na nini?"

Uwanjani

Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Hakikisha una ruhusa. Wa kuwauliza ni mamlaka za usafiri wa anga, kwa Tanzania TCAA na kwa Kenya KCAA, na kaa mbali kabisa na viwanja vya ndege na nyumba za watu. Panda hadi kimo cha kama minazi miwili mirefu ndipo uanze majaribio. Hapo una muda wa kusahihisha.

Jaribio la kwanza: ruka mstari ulionyooka kwa nusu ya nguvu, weka trimu mpaka iende bila kuguswa. Kisha ondoa nguvu ghafla. Pua ikishuka polepole na ndege ikaanza kuteleza vizuri, mota imeinama inavyotakiwa. Pua ikianguka kwa nguvu, mota ilikuwa inaivuta juu na wewe ulikuwa umeizuia kwa trimu: ongeza mwinamo wa mota. Pua ikiinuka, umeinamisha mno.

Jaribio la pili linahusu bawa lenyewe. Ikiwa bado imewekewa trimu ya kwenda sawa, ondoa nguvu, isukume ishuke kwa mteremko wa digrii 30 hivi, rudisha kijiti katikati na uiangalie. Ikiendelea hivyo na kujiinua taratibu, uko pazuri. Ikiruka juu mara moja kama iliyorushwa na mpira, tofauti ya bawa na mkia ni kubwa na pua ni nzito: toa nusu digrii kwenye bawa, sogeza betri nyuma milimita 3 hadi 5, jaribu tena. Ikizidi kuzama, shika kijiti upesi uivute taratibu, tua, na usogeze uzito mbele kabla ya jambo lingine lolote.

Ukishatua usiguse trimu. Nenda kaitazame eleveta ilivyo. Ikiwa imeshuka chini ya mstari wa mkia, bawa bado lina pembe ya ziada na eleveta ndiyo inayolipa. Punguza kadi mbili upande wa mbele, au ongeza mbili nyuma. Ikiwa imeinuka, angalia kwanza kama pua haijawa nzito, ndipo uongeze pembe. Badilisha kitu kimoja kwa kila mruko. Nilipokuwa nikibadilisha bawa, betri na mota kwa pamoja sikujua kamwe ni kipi kilichosaidia.

Ile ndege ya tatu niliijengea pua mpya, nikatoa kabari yote, nikanyoosha ncha ya kushoto. Miruko minne baadaye eleveta ilikuwa imenyooka na mkia, nami nikaweza kuondoa vidole kwenye vijiti na kuitazama ikipita juu ya magoli.

Namba zikishakubali, gundisha kabari moja kwa moja, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya bawa, pale kiti kinapofunika: kimo cha mbele, kimo cha nyuma, upana, kitovu cha uzito na tarehe. Mipira hulegea na fomubodi hubonyea, kwa hiyo baada ya kila mtuo mgumu irudishe mezani uipime kwa namba hizo.